KOMPYUTA YAWEZAJE KUKISIA FILAMU ITAKAYOPENDWA?

Kampuni ya Netflix ya Marekani ilianza mwaka 1998 kukodisha filamu kwa posta, zikiwa katika sahani za dividii. Mwaka 2007 ikaanza pia kuzionyesha kwa intaneti. Filamu zilikuwa nyingi mno hata mteja asiweze kuzipekua zote. Hapana budi ipatikane njia ya kumshauri kila mtazamaji kwa kadiri ya mapendeleo yake.

Jedwali la nyota

Mteja aliweza kuipa filamu nyota 1 hadi 5. Tuchore jedwali: kila mtazamaji na mstari wake, kila filamu na safu yake wima. Oktoba 2006 kampuni iliwapa watafiti jedwali la watazamaji 480,189 na filamu 17,770. Visanduku vyake vyazidi bilioni 8.5, lakini vilivyojazwa vilikuwa milioni 100 na ushei, yaani kimoja katika kila 85. Kazi ilikuwa kukisia nyota zisizojulikana. Zawadi ya dola 1,000,000 iliahidiwa kwa atakayepunguza kosa la programu ya kampuni kwa asilimia 10.

Kosa hupimwaje?

Tuseme programu imekisia 4, mtazamaji akatoa 5. Tena imekisia 3, akatoa 1. Tofauti ni 1 na 2. Kila moja ikizidishwa kwa yenyewe twapata 1 na 4; wastani wake ni 2.5, na kipeuo cha pili cha wastani huo ni kama 1.58. Hilo ndilo kosa.

Njia mojawapo iliyofaa sana huipa kila filamu namba chache za sifa zake, na kila mtazamaji namba za mapendeleo yake. Namba hizo zikizidishwa jozi kwa jozi na kujumlishwa, hutoa kisio. Kompyuta huzitafuta yenyewe kutokana na nyota zilizokwisha tolewa.

Kipimo na lengo

Septemba 2009 zawadi ilitwaliwa na kundi la BellKor's Pragmatic Chaos, lililopunguza kosa kwa asilimia 10.06. Hata hivyo, mwaka 2012 kampuni ilieleza kuwa mfumo huo mzima haukutumiwa, kwa kuwa faida yake haikulingana na kazi ya kuujenga. Aidha, biashara ilikuwa imekwisha kugeuka. Mtazamaji wa intaneti huchagua filamu ya saa ile ile, na kampuni huona alichotazama na alipokomea. Mtu aweza kuipa nyota 5 filamu nzito ya historia, kisha jioni, akiwa amechoka, akachagua kichekesho. Mwaka 2017 nyota ziliondolewa, pakawekwa alama za dole gumba.

Lakini kipimo kipya nacho kina kasoro yake: filamu iliyotazamwa hadi mwisho si lazima iwe imemnufaisha mtazamaji. Anayeunda mfumo wa namna hii yampasa kuamua kwanza anataka kumfaa nani, ndipo achague cha kupima.

Zoezi: Programu imekisia 2, 4 na 5, mtazamaji ametoa 3, 4 na 3. Tafuta kosa. (Jibu: kama 1.29.)