CHUNJUA NA DAWA YA BARIDI



Katika enterna kuna wengi wenye chunjua, ni kusema vile vipele vigumu vinavyoota vidoleni na chini ya mguu. Wengine wanavikata kwa wembe, tena wembe mmoja kwa watu wawili ao watatu. Njo maana ya somo hili.

1. Inatoka wapi?
Si laana, wala haitoki kwa kugusa chura. Inaletwa na virusi vinavyoingia pale ngozi ilipokwaruzika. Ukiikata, virusi vinaweza kupandwa pembeni. Na wembe wa kuazimana unaweza kupitisha SIDA na ugonjwa wa maini.

2. Baridi inafanya nini?
Katika miaka ya 1840, munganga James Arnott wa Uingereza alitumia barafu iliyosagwa na kuchanganywa na chumvi. Leo wanatumia azoti. Hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni azoti. Ikigeuzwa maji, inachemka kwa digri 196 chini ya sufuri! Munganga anaigusisha kwenye chunjua kwa pamba, ao anaipuliza, sekunde chache tu. Maji ya ndani ya seli yanaganda na kuzipasua, na mishipa midogo ya damu inaziba. Lengelenge linatoka, kisha linakauka na kuanguka. Mara nyingi inafaa kurudia kila wiki 2 ao 3.

3. Sisi wenye ngozi nyeusi tuangalie
Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinakufa mbele ya zingine, hata kwa digri 4 mpaka 7 chini ya sufuri. Kwa hiyo alama nyeupe inaweza kubaki miezi mingi, ao kwa siku zote. Uliza kwanza, zaidi kama ni usoni.

Tena, doa jeusi chini ya mguu linalokua ao kubadilika lisigandishwe. Kwa watu weusi, kansa ya rangi ya ngozi inatokea mara nyingi pale. Munganga akate kipande kipimwe kwanza.

4. Kama azoti hakuna?
Haikai ndani ya frigo. Inageuka hewa kila siku hata katika chupa yake ya pekee. Njo sababu hospitali nyingi hazina. Lakini asidi salisiliki, ikipakwa kila siku mpaka wiki 12, inasaidia karibu sawa na baridi kwa chunjua za mikono na miguu. Usiipake usoni. Asidi ya betri si dawa, inachoma nyama! Na chunjua nyingi za watoto zinaisha zenyewe kwa miaka 2.

Maswali
a) Kwa nini frigo haiwezi kutunza azoti ya maji?
b) Kwa nini doa jeusi linapimwa mbele ya kugandishwa?

Mwenye wembe wa kuazimana autupe leo.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho