GPS ku Pikipiki: Namna ya Kuipatia Umeme Bila Kumaliza Batri



Mu somo hili tutajifunza jambo moja lenye linaonekana dogo, lakini linaweza kusimamisha kazi ya siku nzima: namna ya kulisha telefone au GPS ku pikipiki bila kuua batri ya pikipiki.

Juu ya nini jambo hili linatuhusu?

Kooperative nyingi za kahawa na kakao zinapima mashamba ya memba wao. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria yenye kuomba kwamba kahawa na kakao zinazoingia kwao zionyeshe zilitoka ku shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukata pori. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, pointi moja ya GPS inatosha. Kwa shamba lenye kuzidi hekta 4, inapashwa kuzunguka mupaka wote.

Kwa hiyo ajenti wa kooperative anapanda pikipiki asubuhi na kwenda mulimani. Telefone ikizimika mbele ya kumaliza, mashamba yaliyobaki hayaingii mu liste, na mazao ya memba wale yanaweza kukosa mununuzi. Pikipiki nayo ikikataa kuwaka jioni, ajenti na motari wanalala njiani. Tunataka vyote viwili: GPS ifanye kazi, na pikipiki irudi nyumbani.

Batri ya pikipiki ni ndogo

Batri ya pikipiki yetu ya kila siku iko ya volti 12, na mara nyingi inabeba ampere-saa 5 hivi. Zingine ziko hata chini ya hapo. Ni kama kidumu kidogo cha maji: injini ikizunguka, inajaza kidumu, injini ikinyamaza, kila chenye kunywa kinapunguza tu.

Tufanye hesabu. Telefone au pawabanki yenye inajazwa kwa nguvu inaweza kuvuta karibu ampere 1 ku batri. Motari anazima injini, ajenti anashuka kupima mashamba kwa masaa 3, na pawabanki inabaki inajazwa ku pikipiki:

ampere 1 × masaa 3 = ampere-saa 3

Batri ya 5 imebaki na 2. Imepita nusu. Demareri inaomba nguvu nyingi kwa mara moja, na batri hiyo haitaweza tena. Pia, batri ya aina hii haipendi kushuka chini ya nusu: ukiimaliza mara kwa mara, inakufa mbele ya siku zake.

Kuna pia mwizi wa polepole. Chaja iliyofungwa moja kwa moja ku batri inakunywa kidogo hata kama hakuna telefone. Tuchukue mfano wa chaja yenye kuvuta ampere 0,02. Kwa siku moja ni 0,48. Kwa siku 7 za mvua, pikipiki ikilala mu depo, ni ampere-saa 3,36. Hakuna mutu aliigusa, lakini batri imepita nusu.

Basi kanuni yetu njo hii: injini ikinyamaza, chaja nayo inyamaze.

Kufunga chaja vizuri

Kazi hii inaweza kufanywa na fundi wa pikipiki. Lakini ninyi wenye pikipiki munapashwa kujua nini ya kumuomba.

1. *Nunua chaja ya pikipiki yenye kupokea volti 12 na kutoa volti 5 ku tundu la USB.* Usiunge telefone moja kwa moja ku batri ya volti 12. Itaungua.

2. *Mbele ya kuanza, toa kwanza waya wa minusi wa batri.* Ku kumaliza, urudishe wa mwisho. Hivi ufunguo wa fundi ukigusa chuma, hakuna cheche.

3. *Tafuta waya wenye kufuata kontakti.* Hapa njo wengi wanakosea. Wanafunga chaja ku batri juu ni rahisi. Fundi achukue kataa kadogo ka volti 12 kenye waya mbili: moja iguse chuma safi cha pikipiki, ingine iguse waya anaotaka. Kontakti ikifungwa, taa isiwake. Kontakti ikifunguliwa, injini ikiwa bado kimya, taa iwake. Waya wa honi au wa taa ya stopu mara nyingi unafaa, lakini upimwe kwanza.

4. *Ogopa waya wa taa kubwa ya mbele.* Ku pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hailishwi na batri. Inalishwa na injini yenyewe, na umeme wake unapanda na kushuka. Namna ya kujua: kama taa kubwa inawaka tu wakati injini inazunguka, na inaongezeka ukivuta gazi, usifunge chaja pale.

5. *Weka fizible ya ampere 2 au 3 ku waya wa plusi, karibu na pale umeme unachukuliwa.* Waya ukichubuka na kugusa chuma, fizible inaungua kwanza na pikipiki inapona. Usiweke kipande cha waya pahali pa fizible.

6. *Waya wa minusi ufungwe ku minusi ya batri au ku chuma kisicho na rangi wala kutu.*

7. *Ficha chaja na mvua, na funga waya vizuri.* Geuza usukani kushoto na kuume: hakuna waya wenye kuvutika.

Kisha jaribu: funga kontakti. Taa ya chaja ikizimika, kazi ni nzuri. Ikibaki inawaka, mwambie fundi arudilie.

Kupima kama pikipiki inaweza kulisha GPS

Kipimo cha umeme cha fundi, chenye kuitwa multimetre, kinasema kweli kuliko macho. Pima ku batri yenyewe:

- Pikipiki imepumzika masaa kadhaa: volti 12,6 au zaidi, batri imejaa. Karibu 12,2, iko nusu. Chini ya 12, ijazwe mbele ya safari.
- Injini inazunguka na gazi kidogo: volti kati ya 13,5 na 14,5 ni sawa.
- Injini inazunguka lakini haifiki 13: pikipiki haijazi batri yake. Tengeneza hiyo kwanza. Usiongeze kitu kingine juu yake.
- Inapita 15: regilatere imeharibika na inapika batri. Peleka kwa fundi.

Mwisho, washa taa, weka telefone ku chaja, vuta gazi kidogo na upime tena. Ikibaki juu ya 13, pikipiki yenu inaweza kubeba kazi hiyo. Kumbuka kwamba injini ikizunguka polepole sana, kama vile wakati wa kungojea, inatoa umeme kidogo. Kuacha injini inalia ili kujaza telefone ni kuchoma esanse bure.

Kama batri si ya kufungwa kabisa, angalia pia maji yake kila mwezi. Yakipunguka, ongeza maji safi ya batri yasiyo na asidi, mpaka alama ya juu. Maji ya mto au ya bomba yanaharibu.

Siku ya kupima mashamba

Shamba nyingi hazifikiwi na pikipiki. Unaiacha barabarani na kupanda kwa miguu. Kwa hiyo njia nzuri ni kugawa kazi: pikipiki ijaze pawabanki njiani, pawabanki ilishe telefone mu shamba.

*Usiku wa mbele:* jaza telefone na pawabanki ku plake ya sola ya depo au ku umeme mwingine. Teremusha ramani ya eneo mbele ya kutoka, wakati rezo iko.

*Njiani:* pawabanki iko ku chaja, telefone iko mufukoni. Pawabanki ya mAh 10 000 inaweza kujaza telefone ya mAh 5 000 mara moja na nusu hivi, juu umeme mwingine unapotea wakati wa kupita.

*Ukifika:* funga kontakti, toa funguo, beba pawabanki. Kuacha kontakti wazi kunakunywa batri hata bila chaja.

*Mu shamba:* weka telefone mu hali ya ndege na punguza mwangaza wa kioo. GPS inasoma satelite. Haiombi unite wala rezo ya telefone. Bila rezo inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata pointi ya kwanza. Simama pahali pa wazi na ungoje. Chini ya miti mikubwa ya kivuli, pointi inaweza kuruka. Pima mara mbili.

Kama munatumia GPS ya mukono yenye mawe ya AA, hakuna lazima ya kuifunga ku pikipiki. Beba mawe mapya ya akiba.

Maswali ya kujadiliana mu kooperative

- Chaja ya pikipiki yetu inafuata kontakti, ao imefungwa moja kwa moja ku batri? Nani ataenda kuangalia leo?
- Kama pikipiki ni ya motari wa kukodi, tumesikilizana naye mbele ya kufunga kitu ku waya zake? Batri ikikufa ku kazi ya kooperative, nani atalipa?
- Nani anachunga pawabanki, na nani anaijaza usiku wa mbele ya kazi?

Andikeni majibu mu kitabu cha kooperative, pamoja na volti mulizopima na tarehe. Mwezi ujao mupime tena na mulinganishe. Namba zikianza kushuka, mutajua batri inachoka mbele iwaache mulimani.