Bolti za Kalipa Zilizoganda

Swali: Bolti za kalipa zikigoma wakati wa kubadilisha pedi za breki, zifunguliweje bila kukatika?

Jibu: Bolti ya kalipa hugandishwa na kutu kwenye meno yake, hasa kwa gari linalopita sana kwenye matope au maji ya chumvi. Kabla ya kuongeza nguvu, uelekeo uhakikishwe: kichwa cha bolti kwa kawaida hutazama ndani ya gari, hivyo aliyechuchumaa upande wa nje huona mzunguko kinyume, na ni rahisi kukaza akidhani anafungua. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha ipuliziwe mafuta ya kulegeza na kuachwa angalau robo saa. Mafuta hayo yasiguse diski wala pedi; pedi iliyolowa haifai tena. Soketi iwe ya pembe 6, kwani ya pembe 12 hula kichwa upesi. Bolti ikazwe kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ifunguliwe kwa mpini mrefu, gari likiwa juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Pini ya kalipa, ambamo bolti hufungwa, ikizunguka pamoja na bolti, ishikwe kwa spana nyembamba. Moto ni hatari: huunguza mipira ya pini na kuchemsha mafuta ya breki. Bolti iliyolika kichwa isirudishwe, inunuliwe mpya.