Kuwatambua Ndege Wadogo wa Bustanini

Katika mazungumzo ya kila siku, jina "shomoro" aghalabu hupewa ndege yeyote mdogo mwenye rangi ya kahawia. Kwa mkulima, kosa hilo la jina laweza kuleta hasara. Kweleakwelea (Quelea quelea), mharibifu mkubwa wa mtama, uwele na mpunga, hufanana na ndege wengi ambao madhara yao ni madogo.

Rangi peke yake haitoshi. Madume ya kweleakwelea, na ya aina nyingi za mnana, hubadili manyoya baada ya msimu wa kuzaliana, yakafanana na majike. Kwa hiyo mtazamaji aanze na mdomo. Chozi ana mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda, wa kufyonzea maji matamu ya maua. Shomoro, mnana na kweleakwelea wana midomo mifupi na minene ya kuvunjia mbegu. Mdomo wa kweleakwelea kwa kawaida ni mwekundu, ingawa wa jike hugeuka manjano wakati wa kuzaliana.

Hatua ya pili ni kiota. Shomoro wa mjini (Passer domesticus) hujenga katika matundu ya mapaa. Mnana husuka kiota kinachoning'inia tawini. Kweleakwelea, ambaye ni wa jamii ya mnana, hujenga maelfu ya viota pamoja, mara nyingi katika miti ya miiba.

Zoezi: Kwa juma moja, wanafunzi waandike umbo la mdomo, kiota na chakula cha kila ndege wa bustani ya shule. Jina liandikwe mwisho.