Waachie Naivasha Mawaridi Yao

Msomaji wa Lurambi, hapa Kakamega, ameniuliza kama auze kuku wake anunue miche ya waridi apande nyuma ya nyumba, maana amechoka kuona mashada ya harusi na mazishi yakiletwa kutoka mbali. Hasira yako naielewa, mdogo wangu, lakini kuku wabaki.

Mawaridi ya Naivasha hulimwa mita 1,900 hivi juu ya bahari, penye usiku wa baridi, ndani ya vibanda vya plastiki. Kakamega tuko kwenye mita 1,500, tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ile ya alasiri mara nyingi huja na mawe. Waridi la nje hapa hushikwa na madoa meusi ya majani kabla hujapata shina la kuuza.

Wewe lima maua yasiyoweza safari. Petali za dalia huchubuka haraka zikisafirishwa, na ikishakatwa haidumu sana, siku tatu hadi tano. Anayeuza Ulaya haitaki. Wewe unayekata alfajiri na kufika mjini kwa boda kabla ya saa tatu, hilo ndilo soko lako.

Viazi vya dalia vipande mvua za Machi zikishashika, kwenye samadi iliyooza vizuri. Mti wa kuegemeza uchomeke kabla ya kufukia kiazi, usije ukakitoboa baadaye. Mche ukitoa jozi nne za majani, kata ncha. Utaona uchungu, lakini ukiuacha utapata ua moja kubwa badala ya matawi mengi yenye maua. Na usiikate ingali tumba, kwa sababu haitafunguka ndani ya maji.

Zinia ni rahisi zaidi, mbegu tu. Shika shina chini kidogo ya ua, ulitikise: likilegea, bado, likisimama wima, kata.

Gladiola huhesabiwa kwa tarehe, kama siku 90 tangu kupanda. Ukitaka ya Siku ya Wapendanao, matunguu yaingie ardhini katikati ya Novemba, nawe uwe tayari kumwagilia Januari. Kata shina maua mawili ya chini yakianza kuonyesha rangi, na uache majani manne yalishe tunguu la msimu ujao.

Ndoo ioshwe kwa sabuni kila mara, na jani lolote litakalozama liondolewe. Likioza, bakteria huziba shina na ua hunyauka likiwa majini.

Kabla hujanunua hata mbegu, nenda kwa wapambaji wa kanisa na harusi mjini uwaulize wanataka rangi gani, kwa siku zipi. Anza na tuta moja la rangi watakayokutajia.