Taa za Sola Zimefungwa, Lakini Haziwaki

Mkulima mmoja wa Shinyanga aliuza pamba yake. Kwa fedha hiyo alinunua vifaa vya umeme wa jua. Alinunua paneli moja, betri ya volti 12, kontrola, fyuzi, waya, swichi na taa tatu. Alitaka watoto wasome usiku bila moshi wa kibatari.

Alivifunga vifaa hivyo yeye mwenyewe, akisaidiwa na jirani. Kazi ilikwisha alasiri. Mkulima alibonyeza swichi. Hakuna taa iliyowaka.

"Betri hii ni mbovu," jirani alisema. "Irudishe dukani."

"Labda paneli ndiyo mbovu," mkulima alijibu. "Tufungue vyote, tuanze upya."

Mke wake alisema, "Baba watoto, tukifungua vyote kwa mara moja, tutajuaje kosa lilikuwa wapi? Tuifuate njia ya umeme, hatua kwa hatua."

NJIA YA UMEME

Paneli hupokea mwanga wa jua na kutoa umeme. Umeme huo huenda kwenye kontrola. Kontrola huupeleka kwenye betri, na huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Usiku, umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye kontrola na swichi, kisha hufika kwenye taa.

Njia hii ikikatika mahali pamoja tu, taa haziwaki. Ni kama maji ya jaruba. Mpunga ukikosa maji, mkulima hang'oi mpunga. Hufuata mfereji mpaka aone mahali palipobomoka.

WALIVYOTAFUTA KOSA

Kwanza, walizima swichi zote. Walifunika paneli kwa kitenge, wakaondoa waya zake kwenye kontrola. Paneli isiachwe kwenye kontrola wakati betri haijaungwa vizuri, kwa sababu kontrola inaweza kuharibika.

Pili, waliangalia taa ndogo ya kontrola. Ilikuwa imezimika. Kontrola yao hupata nguvu kutoka kwenye betri. Basi wakajua kwamba umeme wa betri haufiki kwenye kontrola. Hawakuhangaika na taa za chumbani.

Tatu, walishika nati za vichwa vya betri. Zilikuwa zimekaza.

Nne, walitoa fyuzi iliyo karibu na betri. Uzi wake ulikuwa umekatika.

"Tuweke kipande cha waya mahali pake," jirani alisema.

"Hapana, shemeji," mke alijibu. "Fyuzi haikatiki bure. Tutafute kwanza kilichoikata."

Walifuata waya kwa macho na kwa vidole. Waya mwekundu wa betri, yaani wa chanya (+), ulikuwa umefungwa mahali pa hasi (−) kwenye kontrola. Waya mweusi ulikuwa mahali pa chanya. Hilo ndilo lililokata fyuzi. Fyuzi ilipokatika, iliokoa waya zisiungue na nyumba isishike moto.

Walirekebisha waya, fyuzi ikiwa bado nje. Kisha waliweka fyuzi mpya yenye ampea zilezile. Taa ndogo ya kontrola ikawaka. Ndipo wakafunga paneli, na mwisho taa. Swichi ilipobonyezwa, chumba kikawa na mwanga. Hawakuziacha taa ziwake muda mrefu. Waliiacha betri ipate jua la kutwa kwanza.

TAA ZIKIWAKA LAKINI ZIKIFIFIA MAPEMA

Angalia paneli. Shinyanga na Geita ziko kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini. Kivuli cha mwembe kikifunika hata kona moja, umeme hupungua sana. Vumbi la kiangazi nalo hupunguza umeme. Lifute kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kabla paneli haijapata moto.

JIHADHARI

1. Usigusanishe vichwa viwili vya betri kwa waya au kijiko ili uone cheche.
2. Usisogeze kibatari wala sigara karibu na betri ya tindikali. Betri hiyo hutoa gesi inayoweza kulipuka.
3. Tindikali ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kisha nenda zahanati.
4. Fyuzi mpya ikikatika tena, acha. Mwite fundi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Funga betri kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Ukifungua, anza na taa, halafu paneli, mwisho betri. Kagua kitu kimoja kwa wakati mmoja. Usikilaumu kifaa kabla hujaifuata njia yake.

MASWALI

1. Kwa nini mke hakutaka vifaa vyote vifunguliwe kwa mara moja?
2. Taa ndogo ya kontrola iliwaonyesha nini?
3. Jirani alitaka kuweka nini mahali pa fyuzi? Kuna hatari gani?
4. Chora njia ya umeme kutoka kwenye paneli hadi kwenye taa. Andika jina la kila kifaa.
5. Zungumzeni darasani: baiskeli au pampu ya maji ikikataa kufanya kazi, mtaanza kukagua wapi?