Namna mwili wa mtoto unavyochunga maji yake

Mama mpenzi, ukipika sombe unaionja. Ukisikia chumvi imezidi, unaongeza maji kidogo, unaonja tena. Ikiwa sawa, unaacha. Mwili wa mtoto wako, vile Mungu alivyouumba, unafanya hivyo mchana na usiku. Ndani ya ubongo kuna mahali padogo panapoonja damu. Maji yakipunguka, chumvi ya damu inazidi, na ubongo unatuma habari mbili: moja inaleta kiu, ingine inaenda kwa mafigo, yasimwage maji ovyo. Ndiyo sababu mkojo unapunguka na rangi yake inakolea. Maji yakitosha, ubongo unajua, kiu inakwisha, mkojo unakuwa mwingi tena.

Lakini mtoto akihara na kutapika, maji yanatoka upesi sana, mafigo hayawezi kuyachunga yote. Inabaki kiu. Na mtoto mdogo hawezi kwenda mwenyewe kwenye mtungi! Analia tu, akiona kikombe anakinyakua. Kuna wamama wanaomnyima, wanasema: "Akinywa atahara zaidi." Asiponywa atahara vilevile, na atakauka.

Mbona tunatia sukari? Sio kwa utamu. Katika matumbo, sukari na chumvi vinaingia pamoja kwenye damu, na maji yanafuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilishika wakimbizi wa Bangladesh kule India. Serumu ya kutia kwa mshipa haikutosha, basi Dr Dilip Mahalanabis akawanywesha maji ya namna hii. Mbele yake walikufa karibu wagonjwa 30 kwa 100. Kisha hawakufika 4 kwa 100.

Ukikosa pakiti ya serumu ya kunywa, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote visawazishwe juu. Angalia chupa! Ile kubwa ya Primus (najua mnaiwekea mawese) haifiki lita, ni santilita 72 tu. Ukiihesabu kuwa lita, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi inavuta maji ya mwili, inamkausha mtoto. Kwa hiyo onja mbele ya kumpa: chumvi isipite ile ya machozi.

Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Kunyonyesha usiache. Kwenye kituo cha afya omba pia vidonge vya zinki. Atavimeza siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha.

Kuna saa kiu yenyewe inanyamaza. Mtoto aliyekuwa akinyakua kikombe sasa amelegea, hataki kunywa, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Usifikiri amepona. Ukiwa Kasongo mjini ao kijijini kule Kabambare, ondoka naye saa ile ile kwenda hospitali, hata usiku, na njiani, kama bado anameza, mpe kijiko kimoja kimoja.